WCBS-FM 101.1 na Jack: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu radio ya zilipendwa ya New York iliyobadilishwa jina ikarudi

Kila nikigusia hii stori ya WCBS-FM kugeuzwa Jack FM mwaka 2005 na kurudi 2007, watu wanauliza vitu vilevile, so nimeamua niyaweke maswali yote sehemu moja. Mimi ni mpenzi wa radio na mpenzi wa zilipendwa, na msimamo wangu nausema mapema kabisa: wale wasikilizaji walionewa.

Kwani WCBS-FM ni radio gani?

Ni stesheni ya New York, iko 101.1 FM. Ilianza kupiga zilipendwa tarehe 7 Julai 1972, kabla ya hapo walikuwa wanapiga rock ya wakati ule na ushindani ulikuwa mkali, ndo wakaamua wageukie nyimbo za nyuma. Kipindi hicho zilipendwa zenyewe zilikuwa hazijazeeka sana, maana wimbo wa 1956 ulikuwa na miaka 16 tu. Wakaendelea hivyohivyo hadi 2005, yaani karibu miaka 33 kazi ni ileile.

Ilikuwa na nini cha ajabu? Si nyimbo za zamani tu?

Hapa inabidi nieleze kidogo, sababu usipoelewa hili hutaelewa kwa nini watu walikasirika vile.

Cha kwanza, nyingi ya zile nyimbo zilikuwa za pale pale mjini. Doo-wop ya miaka ya 50 waliiimba vijana wa Bronx, wa Harlem, wa Brooklyn, wanne watano wamesimama kona ya mtaa au kwenye ngazi za jengo hawana hata gitaa, mmoja anashika besi kwa mdomo mwingine anapanda juu kabisa, na wengine wakatoa rekodi moja tu maishani mwao ikasikika miezi miwili wakarudi kwenye kazi zao za kawaida. Sasa CBS-FM ndo ilikuwa inawakumbuka hao. Jumapili usiku kulikuwa na kipindi cha Don K. Reed kinaitwa Doo-Wop Shop, hicho kilikuwa cha doo-wop tupu, kilifungwa 2002 na kuna watu hadi leo wanasema dalili mbaya zilianzia pale.

Cha pili ni watangazaji. New York kulikuwa na radio kubwa ya AM, 77 WABC, miaka ya 60 na 70 ndo ilikuwa radio ya vijana. Tarehe 10 Mei 1982 WABC wakaacha muziki wakaingia kwenye vipindi vya mazungumzo. Zile sauti zilizolea kizazi kizima nyingi ziliishia CBS-FM kwa nyakati tofauti: Harry Harrison, Bruce Morrow ambaye wote wanamwita Cousin Brucie, Ron Lundy, baadaye Dan Ingram. Cousin Brucie huyo ndo alikuwepo jukwaani Shea Stadium 1965 Beatles walipokuja. So mtu wa miaka 50 akiwasha 101.1 alikuwa anasikia nyimbo zilezile zinatangazwa na watu walewale waliomtangazia akiwa shule. Hiyo kitu huwezi kwenda kuinunua popote.

Mtu aliyekulia na vipindi vya zilipendwa vya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) au Sauti ya Kenya (VoK) nadhani hapa hanihitaji nimweleze zaidi.

Sasa ilikuwaje siku yenyewe?

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 3 Juni 2005. Wimbo wa mwisho ukawa Summer Wind wa Frank Sinatra. Baada ya hapo ikaingia stesheni mpya, "Jack FM", na wimbo wa kwanza ulikuwa Fight for Your Right wa Beastie Boys. Kutoka Sinatra hadi Beastie Boys, mchana wa siku moja, watu wako kwenye magari wanarudi makwao kupumzika wikiendi.

Wasikilizaji hawakuambiwa mapema. Hakukuwa na wiki ya kuagana, hakukuwa na mtangazaji aliyekaa kwenye maiki akasema jamani asanteni kwa miaka 33. Mimi hili ndo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu kubadilisha muziki ni biashara sawa naelewa, ila kumnyima mtu nafasi ya kuaga wasikilizaji wake haikuwa lazima.

Na siku hiyohiyo Chicago nako, WJMK 104.3 ambayo nayo ilikuwa ya zilipendwa na mmiliki ni yuleyule Infinity Broadcasting, ikageuzwa Jack.

Kwa nini radio huwa zinabadilika ghafla hivyo bila kutangaza?

Ni kawaida ya biashara ya radio Marekani, sio CBS-FM peke yake. Wenye stesheni wanaogopa vitu viwili. Wakitangaza mapema mshindani anaweza kuiwahi ile fomati (aina ya muziki na vipindi) au kuwachukua watangazaji, na pia wanaogopa mtangazaji ambaye keshajua anaachishwa kazi atasema nini akiwa hewani laivu. Kwa hiyo wafanyakazi wanaambiwa dakika za mwisho na msikilizaji anajua pale anapojua. Naelewa hofu yao. Ila kwa watu waliokaa hewani miaka ishirini wakiheshimu kazi yao sidhani kama hofu hiyo ilikuwa na haki.

Jack ni nani?

Hakuna mtu anaitwa Jack. Ni jina la brandi. Lilianza kama radio ya intaneti ya Bob Perry mwaka 2000, halafu Canada wakalichukua, Vancouver ndo walikuwa wa kwanza kuliweka hewani mwishoni mwa 2002. Marekani likaingia Denver 2004, Dallas mwaka huohuo, Los Angeles Machi 2005.

Wazo lake ni orodha kubwa ya nyimbo kuliko radio ya kawaida, za miaka ya 70, 80, 90 na za karibuni, rock, pop, kidogo cha kila kitu, zimechanganywa. Watangazaji hakuna, ni sauti moja imerekodiwa inaingiza maneno ya mzaha katikati. Na kaulimbiu yao ilikuwa kwamba wanapiga wanachotaka wao. Hebu fikiria hiyo kaulimbiu inafika kwenye masikio ya mtu ambaye dakika tano zilizopita kanyang'anywa anachotaka yeye.

Kumbuka pia ni miaka ya iPod. iPod ilitoka 2001, kufika 2005 kila mtu ana waya masikioni na nyimbo zinarukaruka zenyewe, so mabosi wa radio wakaona tuifanye radio nayo iwe hivyo.

Kwa hiyo Jack ilikuwa radio mbaya?

Hapana, na tuwe wakweli. Los Angeles 93.1 ilifanya vizuri na ikadumu. Ila pale kabla yake kulikuwa na rock ya zamani, na zilipendwa za mji ule zilikuwa na nyumba yake nyingine, KRTH 101, ambayo haikuguswa. New York walichukua ile nyumba moja ya zilipendwa iliyokuwepo kwenye FM kubwa wakaibomoa kumjengea mgeni. Kosa ni hapo, sio kwenye nyimbo za Jack.

Walikuwa wanapata hasara? Mbona walibadilisha?

Wasikilizaji walikuwepo wa kutosha. Shida ilikuwa umri wa hao wasikilizaji.

Radio ya biashara inaishi kwa matangazo, na makampuni yanayonunua matangazo Marekani kwa kawaida yanataka watu wa miaka 25 hadi 54. Ukishavuka 54 kwenye hesabu zao ni kama haupo, hata kama una nyumba umemaliza kulipia na una gari na hela ya kutumia kuliko kijana wa 25 anayelipa mkopo wa chuo. Sasa piga hesabu, mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1960, kufika 2005 ana 60. Kila mwaka unaopita kundi zima linavuka mstari, radio ina watu kibao ila watu "wasiouzika". Walijaribu kuvuta wa umri mdogo, wakapunguza nyimbo za miaka ya 50, Januari 2005 wakamleta Micky Dolenz, mwimbaji wa bendi ya The Monkees, atangaze asubuhi, miezi mitano baadaye wakafunga kabisa.

Mimi huo mstari wa 54 siukubali. Ni mazoea ya wanunuzi wa matangazo na hakuna sheria inayowalazimisha, na wameua vipindi vingi vizuri kwa mazoea hayo.

Wasikilizaji walifanyaje?

Walilipuka. Simu, barua, emaili, magazeti ya mji yakaandika siku nyingi mfululizo, hadi meya wa wakati ule Michael Bloomberg akaripotiwa kukasirika na kusema hatasikiliza tena stesheni ile. Kawaida radio ikibadilika watu wanalalamika wiki moja wanazoea, hii haikuwa hivyo. Walizima wakaenda kwingine na hawakurudi, na Jack haikupata wapya wa kutosha kuziba pengo. Namba zikashuka vibaya na zikakaa chini.

Na kelele zenyewe, nyingi hazikuwa za kusema "nirudishieni wimbo fulani". Nyimbo walikuwa nazo, kwenye santuri, kwenye kaseti, kwenye CD. Walichokuwa wanalilia ni ile hali ya kujua kwamba saa hii kuna maelfu ya watu mjini wanasikia wimbo huuhuu pamoja na mimi na kuna mtu mmoja anatuongoza, anatuambia mvua inanyesha na daraja fulani lina foleni. Jack ilikuwa na nyimbo nyingi kuliko CBS-FM lakini haikuwa na mtu ndani, na nadhani mabosi hawakuliona hilo hata kidogo, walidhani wanauza orodha ya nyimbo.

Si waliihamishia kwenye intaneti? Kwa nini watu hawakuifuata?

Ndiyo, zilipendwa zilihamishiwa kwenye tovuti na baadaye kwenye chaneli ya pili ya kidijitali, HD2. Ila ni 2005 hiyo. Simu janja kama za leo hakuna, iPhone yenyewe imetoka 2007, intaneti kwenye gari hakuna, na HD ilitaka ununue radio mpya ambayo karibu hakuna mtu alikuwa nayo. Kumwambia mzee wa Queens mwenye radio yake jikoni kwamba sasa ufungue kompyuta ni kumwambia kwa adabu kwamba basi.

Kisheria wangeweza kushtaki?

Swali zuri sana, na jibu ni hapana, na sababu yake ilitokea New York hapohapo miaka ya nyuma.

Novemba 1974 kulikuwa na radio ya muziki wa klasiki, WNCN, 104.3, ikageuzwa rock na kupewa jina jipya WQIV. Wasikilizaji wakaunda chama chao, WNCN Listeners Guild, wakapambana kisheria, na mwaka 1975 muziki wa klasiki ukarudi chini ya mmiliki mpya. Wakati huo mahakama ya rufaa ilikuwa na msimamo kwamba tume ya mawasiliano, FCC, inatakiwa kuangalia maslahi ya wasikilizaji pale aina ya muziki ambayo haipo kwingine inapotaka kuondolewa. FCC wenyewe hawakutaka jukumu hilo, walisema soko litaamua. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na Machi 1981 majaji 7 dhidi ya 2 wakaipa FCC ushindi. Tangu hapo mwenye leseni anaamua apige nini na serikali haiingilii.

So 2005 wasikilizaji wa CBS-FM walikuwa na silaha moja tu, kitufe cha kuzima. Wakakitumia.

(WNCN nayo mwishowe ikaondoka, Desemba 1993 wakaigeuza rock tena na safari hii haikurudi.)

Jina WCBS-FM lilifutwa?

Hapana, hili wengi hawalijui. Jina la leseni lilibaki WCBS-FM kipindi chote cha Jack. Sheria inataka stesheni ijitambulishe kwa jina lake la leseni karibu na mwanzo wa kila saa, kwa hiyo hata ndani ya Jack jina la zamani lilikuwa linatajwa. Ilirahisisha mambo mbele ya safari.

Ilirudi lini?

Alhamisi tarehe 12 Julai 2007, saa 7 na dakika 1 mchana. Hiyo saa waliichagua makusudi maana kwa saa za kwao inaandikwa 1:01, sawa na masafa yao 101. Wimbo wa kwanza ulikuwa Do It Again wa Beach Boys. Jack ilikaa miaka miwili na mwezi na kidogo, ikapelekwa HD2, kule kule walikowapeleka zilipendwa.

Nani aliirudisha? Ni zile kelele?

Kelele zilichangia ila aliyeamua ni Dan Mason. Alirudi kuongoza CBS Radio mwaka 2007 (Infinity walishabadili jina mwisho wa 2005 wakawa CBS Radio), na ndani ya miezi michache akairudisha. Namba za Jack zilimrahisishia, hakukuwa na cha kutetea. Lakini nampa heshima yake, mkubwa wa kampuni kukiri hadharani kwa vitendo kwamba kampuni ilichemka ni kitu adimu, wengi wangejaribu brandi ya tatu kwanza, halafu ya nne.

Ilirudi ileile?

Hapana, na hapa ndo maumivu mengine yalipo.

Jina lilirudi, jingo (vile vijiimbo vya kutaja jina la stesheni) zilirudi, baadhi ya sauti zikarudi kama Bob Shannon na Dan Taylor. Lakini neno "zilipendwa" wenyewe hawakulitumia tena, wakajiita radio ya nyimbo kali za miaka ya 60, 70 na 80. Miaka ya 50 ikakatwa karibu yote. Wale vijana wa kona ya Bronx, wale ambao radio hii iliwabeba miaka 30, hawakurudi nao. Baada ya hapo miaka ya 60 nayo ikapungua taratibu na miaka ya 80 ikawa ndo katikati, na 90 zikaingia.

Kibiashara walipatia, hilo silipingi, ikapanda hadi ikawa miongoni mwa radio zinazosikilizwa zaidi New York. Ile njia mpya ya kupima wasikilizaji kwa kifaa anachovaa mtu ilisaidia pia, maana zamani Arbitron, kampuni ya kupima wasikilizaji, walikuwa wanampa mtu kijitabu ajaze alichosikiliza, na radio inayowaka dukani au kwa daktari ilikuwa inasahaulika, kifaa kinaidaka.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka 2007 alishinda. Aliyekuwa na 65 alipata nusu. Na wale wa 65 ndo walioongoza kelele, naomba hilo lisisahaulike.

Chicago je?

Chicago walisubiri zaidi. Jack ilikaa 104.3 hadi Machi 2011 ndo ikaja K-Hits, stesheni ya nyimbo za nyuma. Dick Biondi, gwiji wa utangazaji wa mji ule, alipata nafasi baadaye 94.7 akaendelea kutangaza miaka kadhaa. Alifariki 2023.

Huku kwetu radio ikibadilishwa jina na vipindi vya zilipendwa vikiondolewa, msikilizaji afanye nini cha maana?

Naulizwa sana hili. Kutukana haisaidii, mabosi wanategemea utatukana wiki moja utachoka. Vinavyouma ni hivi. Zima kweli, usiendelee kusikiliza huku unalalamika maana hapo bado unahesabika. Andika kwa wanaotangaza biashara zao pale, duka, benki, kampuni ya simu, waambie wewe ni mteja wao na ulikuwa unawasikia kupitia kipindi fulani, hela inatoka kwao. Mfuate mtangazaji alikoenda, kama kaanzisha kipindi chake mtandaoni msikilize na umwambie mwingine. Na kama kuna wazee nyumbani wasaidie kukitafuta, sababu wengi wao hawatauliza, watazima radio wakae kimya na wewe utadhani wamezoea.

Cousin Brucie aliishia wapi?

Baada ya 2005 alienda radio ya setilaiti, Sirius, akawa chaneli ya miaka ya 60 kwa miaka mingi. Halafu Septemba 2020 akarudi 77 WABC, stesheni iliyompa umaarufu, ikiwa chini ya mmiliki mpya John Catsimatidis, wakampa Jumamosi usiku akapiga tena muziki pale. Alikuwa na umri wa miaka 80 na kitu, anapokea simu za watu waliokuwa wanampigia wakiwa watoto, na miaka ya 50 wanaipiga.